Nani Atalinda Mazoezi ya Kigari?

Machi 1988, mjini Auckland, New Zealand, timu ya wanaume ya Kenya ilimaliza mbio za nyika za dunia ikiwa na pointi 23. Kwa msomaji asiyefuatilia mchezo huu, hesabu yake si ngumu. Wakati ule zilijumlishwa nafasi za wakimbiaji sita wa mbele wa kila nchi, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Timu inayokamata nafasi ya kwanza hadi ya sita inapata 21, na chini ya hapo hakuna. Siku hiyo John Ngugi alitangulia, Paul Kipkoech akamfuata, na kati ya watu tisa wa kwanza kukata utepe wanane walikuwa Wakenya. Aliyejipenyeza katikati yao ni Mwethiopia Abebe Mekonnen, wa tano.

Miaka michache kabla ya hapo mambo yalikuwa kinyume. Ethiopia ilikuwa imetwaa ubingwa wa timu mara tano mfululizo, 1981 hadi 1985, na Kenya, pamoja na vipaji vyake vyote, haikufua dafu. Kocha Mike Kosgei aliposhika timu hakuleta dawa mpya wala mashine. Aliwatoa wanariadha makwao na kazini mwao, jeshini, polisi, magereza na shuleni, akawaweka mahali pamoja kwa wiki kadhaa, wakala chungu kimoja na kukimbia njia moja. Mwaka 1986 huko Neuchâtel, Uswisi, Kenya ikashinda. Haikuachia taji hilo hadi 2004. Ni mataji 18 bila kukatika, na sijui mchezo mwingine ambao taifa la Afrika limewahi kuukalia kwa muda mrefu namna hiyo.

Kwa miaka mingi kambi ya timu hiyo imekuwa ikipigwa katika chuo cha ualimu cha St Mark's Kigari, kaunti ya Embu, na hata miaka ya karibuni timu za mbio za nyika zimeendelea kupelekwa huko. Ndiyo maana swali la nani atalinda mazoezi ya kikale, ambalo huko ng'ambo linaulizwa juu ya mbinu za mazoezi kama ile ya Joseph Pilates, hapa kwetu lina anwani. Ukitoka mjini Embu unaelekea mlimani.

Kigari si Iten, mji maarufu wa wakimbiaji. Iten iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na Kigari iko chini ya hapo. Mwanariadha anayetoka Iten kwenda kambini Embu anateremka, hapandi. Kwa hiyo wale wanaodhani siri nzima ya Kenya ni hewa nyepesi wana kazi ya kueleza kwa nini timu ilipelekwa mahali penye hewa nzito zaidi. Jibu liko ardhini. Mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya, Rupingazi, Ena, Thuci na mingineyo, imechanja miteremko hiyo ikaacha migongo mirefu na mabonde katikati yake. Chini kuna kahawa, juu kuna majani chai, na juu zaidi msitu. Ukikimbia kufuata mgongo unapanda kuelekea mlimani. Ukikimbia kukata migongo unashuka bondeni hadi daraja dogo, halafu unaanza upya. Sehemu tambarare ni uwanja wa shule, na hata huo mara nyingi umechongwa kwa jembe.

Siku ya kambi ina vipindi vitatu, kama ilivyo desturi ya kambi nyingi za Kenya. Cha kwanza ni alfajiri, mnamo saa kumi na mbili. Kundi linatoka pamoja, wazoefu na chipukizi, na dakika za mwanzo mgeni angedhani wanafanya mzaha. Wanaburuta miguu, wanapiga soga, kuna anayesimulia habari za nyumbani na wenzake wanamcheka. Mwendo unaongezeka bila mtu kutoa amri. Maneno yanapungua, halafu yanakoma, na kinachobaki ni mchakacho wa viatu juu ya marram. Wakirudi wanakunywa chai ya maziwa yenye sukari nyingi, mkate, kisha wanalala.

Kipindi cha pili, saa nne, ndicho kinachoogopwa. Kuna siku za fatileki, ile ya kuchanganya mbio za kasi na mbio za kupumua, dakika kwa dakika. Kuna siku za kilima. Kocha anasimama juu, saa ya kubonyeza mkononi, na kundi linamjia kutoka chini. Wakifika wanageuka, wanashuka taratibu, wanapanda tena. Mara ya kwanza kila mtu ni bingwa. Baada ya mara kadhaa unaanza kuona jinsi kilima kinavyofundisha bila maneno. Anayeinamia kiunoni anakosa pumzi na kubaki nyuma. Anayetua kwa kisigino anateleza. Anayekunja ngumi anachoka mabega kabla ya miguu. Kilichobaki ni mkimbiaji aliyesimama wima, magoti juu, akisukuma ardhi kwa vidole vya miguu, na mikono yake ikienda mbele na nyuma badala ya kupishana kifuani. Hakuna aliyemfafanulia. Mwili umetafuta njia ya kuumia kidogo ukaipata hiyo. Na kwa kuwa mwinuko unapunguza kishindo cha kila hatua, magoti hayapigwi vile yangepigwa kwa kazi hiyohiyo kwenye lami.

Mvua za masika zikiwahi, somo linaongezewa uzito. Udongo mwekundu wa Embu ukilowa unanata kwenye soli tabaka kwa tabaka hadi mguu unakuwa kama umevishwa buti. Mashindano yenyewe ya nyika, ambayo kwa miaka mingi yalifanyika Machi, mara nyingi katika nchi za baridi, yamejaa matope na nyasi zilizolowa. Ngugi alitwaa taji lake la tano mwaka 1992 mjini Boston, kwenye theluji. Theluji hakuna Kigari, lakini kuteleza kupo.

Jioni, saa kumi, ni mbio nyepesi na mazoezi ya viungo. Wanasimama duara. Mmoja anaingia katikati, anazungusha nyonga, anainama, anajinyoosha, anainua magoti hadi kifuani, na wote wanamwiga, kisha mwingine anachukua zamu. Wanamalizia nyasini kwa mazoezi ya tumbo na mgongo. Hapa ndipo Kigari inapokutana na Mjerumani mmoja ambaye sidhani kama kuna aliyewahi kumtaja kambini.

Joseph Pilates alizaliwa mwaka 1883 Mönchengladbach, Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza vilimkuta Uingereza, akazuiliwa kama raia wa nchi adui, na sehemu ya kifungo hicho aliitumikia kwenye kambi ya Knockaloe, Isle of Man. Huko aliendeleza mazoezi yake ya sakafuni na wafungwa wenzake, na inasimuliwa kwamba alifunga springi kwenye vitanda ili hata wagonjwa wajizoeze wakiwa wamelala. Mwaka 1926 alihamia New York, akafungua ukumbi pamoja na Clara, mwenzi wake, kwenye barabara ya Eighth Avenue. Wacheza dansi walimiminika, maana walikuwa wakiumia na yeye alikuwa akiwarudisha jukwaani. Mbinu yake aliiita Contrology. Kitabu chake cha 1945 kina mazoezi 34 ya sakafuni, kila moja na picha zake, na mpangilio wake haukuachiwa bahati.

La kwanza kwenye orodha hiyo linaitwa la mia. Unalala chali, unanyanyua kichwa na mabega, miguu hewani, na mikono iliyonyooka kando ya mwili inapiga juu na chini kama anayepigapiga maji. Unavuta pumzi kwa mapigo matano, unaitoa kwa matano, mara kumi. Jumla mia. Ukilifanya vibaya ni zoezi la shingo. Ukilifanya vizuri, shingo haihisi kitu na tumbo lote linawaka, kutoka mbavu hadi kinena. Aliyeliona mara moja kwenye video anadhani ameshalijua. Mwalimu wa kikale atamwambia arudie kwa mwezi.

Pilates alifariki mwaka 1967 bila kuacha utaratibu wa nani amrithi. Wanafunzi wake, Romana Kryzanowska na wengine, waliendelea kufundisha, kila mmoja kama alivyofundishwa na kama mwili wake ulivyomruhusu. Jina likawa mali ya biashara, likaandikishwa, likauzwa, na aliyelimiliki akaanza kuwashtaki waliolitumia. Oktoba 2000 mahakama ya shirikisho mjini New York iliamua kwamba Pilates ni jina la aina ya mazoezi, kama yoga au karate, na hakuna mtu anayeweza kulihodhi. Kuanzia hapo milango ilifunguka. Leo kuna Pilates ya joto, ya muziki wa dansi, ya vitanda vya kuteleza vilivyopangwa safu kumi chini ya taa za rangi. Walinzi wa mbinu ya asili wanalalamika kwamba jina limebaki na mpangilio umepotea: watu wanachukua mazoezi matano yanayopendeza kwenye kamera na kuacha yale 29 yanayoyapa maana.

Nawaelewa, ingawa nafikiri mahakama iliamua sawa. Mbinu ya mwili haifungiki kwenye hati. Inakaa kwenye mwili wa mtu aliyefundishwa na mtu aliyefundishwa, na mnyororo ukikatika hati haitasaidia. Kigari hakuna aliyewahi kuandikisha jina. Hakuna cheti cha kocha wa mtindo wa Kigari, hakuna fulana, hakuna kitanda cha kuteleza. Na tuseme ukweli, hata vipande vya mbinu yenyewe si vyetu vyote. Fatileki ilibuniwa na Msweden Gösta Holmér miaka ya 1930. Kukimbia kwa vipindi na kupumzika kati yake kulipangwa kisayansi na Mjerumani Woldemar Gerschler miaka hiyohiyo. Riadha yenyewe iliingia kwa mkono wa wakoloni, na mojawapo ya matumaini yao ilikuwa vijana waache ngoma na wizi wa mifugo. Kilicho chetu ni mpangilio: watu wengi, njia moja, mara tatu kwa siku, kilima bila huruma, na hakuna anayekwenda nyumbani.

Ukisikia hivyo na wewe ni mzee wa Meru au Embu, unakijua kitu hicho kwa jina lingine. Kabla ya Waingereza kuishinda Embu mwaka 1906 na E. B. Horne, aliyeitwa Kangangi, kufungua boma Meru mwaka 1908, vijana waliokwisha kutahiriwa waliishi gaaru, nyumba kubwa ya wapiganaji. Nthaka, kama Wameru walivyowaita, hawakulala kwa mama zao. Walikula pamoja, walilinda pamoja, walikwenda vitani pamoja, na wa rika la juu ndio waliowafinyanga wa chini. Mtafiti Jeffrey Fadiman aliwahoji wazee wa Meru na kuandika sana juu ya maisha hayo. Mkoloni alipopiga marufuku uvamizi na kuwapeleka vijana kulima barabara, gaaru ikakosa kazi, na nyumba isiyo na kazi haikai.

Sidai kwamba Kigari ni mjukuu wa gaaru. Wakimbiaji wengi waliopita pale walitoka mbali, Paul Tergat kutoka Baringo, Edith Masai kutoka Mlima Elgon, na hawakuja kutafuta mila za Waembu. Lakini wazo ni lilelile, kwamba mwili wa kijana haunoleki akiwa peke yake nyumbani, na kwamba anayekunoa zaidi ni mwenzako anayekimbia hatua moja mbele. Tergat alishinda mbio ndefu za nyika mara tano mfululizo, 1995 hadi 1999. Kila mwaka alipoingia kambini alikuta kundi la vijana ambao ndoto yao ni kumwangusha kwenye kilima kabla ya kumwangusha Ulaya. Hiyo ndiyo mashine. Saa ya mkononi haiwezi kuiga hilo, hata iwe erevu namna gani.

Na saa zenyewe zimejaa. Siku hizi hata mkimbiaji wa kijijini anayetafuta wakala anajitahidi apate saa inayopima umbali, mapigo ya moyo na usingizi, kisha anaweka mbio zake mtandaoni ili wazungu wamwone. Viatu vyenye bamba la kaboni vimebadilisha barabara tangu 2017, hadi shirikisho la dunia likalazimika kuweka kikomo cha unene wa soli, milimita 40. Kuna wanaopima damu ya kidole katikati ya mazoezi wajue mwili umefika wapi. Wenye mazoea ya kikale huyacheka mambo hayo hadharani, kisha jioni wanaazima saa ya mwenzao waangalie walikimbia kilomita ngapi.

Kwa upande wa raia wa kawaida mageuzi ni makubwa zaidi. Mjini Meru na mjini Embu jimu si kitu cha ajabu tena. Kuna vioo, kuna mikanda ya kukimbilia, kuna Zumba jioni na spika zinazotikisa jengo. Nairobi kuna studio za Pilates kwa wenye nacho. Simu inaleta changamoto ya siku 30 za tumbo, na ikiisha inaleta nyingine. Sina ugomvi na hayo. Mama aliyekaa dukani kutwa akacheza Zumba saa moja amefanya jambo jema kuliko mimi ninayeandika makala hii nikiwa nimekaa. Shida yangu na mitindo ni moja, nayo ni kwamba inakuuzia mwanzo. Kila wiki unaanza upya, na kitu pekee ambacho mwili hauwezi kununua ni mwezi wa tatu wa zoezi lilelile.

Meru ina mfano mzuri wa sura hii mpya ya mbio. Tangu mwaka 2000 watu hukusanyika kila mwaka katika hifadhi ya Lewa, upande wa kaskazini wa kaunti hiyo, kukimbia marathoni na nusu marathoni kwenye barabara za vumbi katikati ya vifaru na pundamilia, huku helikopta na askari wa wanyamapori wakihakikisha simba hawajiungi. Fedha zinazochangwa huenda kwenye uhifadhi, shule na afya. Ni jambo zuri, na mwenye kukimbia kilomita 42 kwenye jua na vilima vile namvulia kofia. Ila angalia tofauti. Lewa ni siku moja ambayo mtu ataikumbuka maisha yake yote. Kigari ni siku nyingi zinazofanana, na anayezipitia hazitofautishi. Mtandao unapenda Lewa. Picha za Kigari ni mtu aliyechafuka udongo akipanda kilima kilekile cha jana.

Walakini si mitindo ya mjini inayoitishia Kigari zaidi. Ni hesabu ya fedha. Bingwa wa dunia wa mbio za nyika hulipwa dola 30,000. Mshindi wa Boston Marathon hulipwa dola 150,000, kabla hujataja mkataba wa viatu. Mashindano ya dunia ya nyika yalikuwa ya kila mwaka hadi 2011, kisha kwa kawaida yakawa ya kila baada ya miaka miwili. Kwenye Olimpiki mchezo huu haujaonekana tangu Paris 1924, wakati wakimbiaji walipoanguka kwa joto na 15 tu kati ya 38 wakamaliza. Wakala anayepanga kalenda ya mwanariadha wake anauliza swali la haki kabisa: wiki hizo za Embu zinaleta nini? Kambi binafsi za Iten na Kaptagat zina vitanda, wapishi na madaktari wa viungo mwaka mzima. Kijana mwenye familia ya kulisha hawezi kulaumiwa akiona Kigari kama kituo cha basi.

Wala mbinu yenyewe haikuwa na kinga ya kushindwa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alishinda mbio fupi na ndefu za nyika kwa pamoja miaka mitano mfululizo, 2002 hadi 2006, na kilima cha Kigari hakikutoa jibu. Mombasa 2007, nyumbani, kwenye joto la pwani lililomfanya hata Bekele aache njiani, taji la wanaume lilikwenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Mwaka 2019 huko Aarhus, Denmark, majirani zetu wa Uganda wakiongozwa na Joshua Cheptegei walitwaa ubingwa wa timu ya wanaume. Walitoka miteremko ya Mlima Elgon, na walifanya kile tulichokuwa tukifanya sisi.

Kuna deni lingine ambalo wasifu wa Kigari huwa hauligusi. Kambi ya kubaki au kuondoka ilitengeneza mabingwa, na ilivunja wengi ambao majina yao hayako popote. Kijana wa miaka 18 akishindana kila asubuhi na bingwa wa dunia anaweza kuwa bingwa, au akapasuka mfupa wa unyayo akarudi kwao bila kazi na bila masomo. Kwa wanawake mbinu hii ilichelewa. Kenya ilishangilia wanaume tangu 1986, lakini mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda taji la mtu binafsi katika mbio kuu za nyika, Helen Chepngeno, alilipata 1994. Leo jina kubwa la mchezo huu nchini ni la mwanamke, Beatrice Chebet, bingwa wa dunia wa nyika wa 2023 na 2024, ambaye mwaka huohuo wa 2024 alizoa dhahabu mbili za Olimpiki mjini Paris. Anayetaka kuhifadhi ya kale achague cha kuhifadhi. Kilima, ndiyo. Kumwacha aliyeteguka ajitafutie, hapana.

Kwamba mbinu inaweza kuhama bila kufa, Kaptagat imeonyesha. Huko Eliud Kipchoge, mtu aliyekimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, ameishi kwa miaka chini ya kocha Patrick Sang katika kambi ambamo kila mmoja ana zamu ya kusafisha vyoo, bingwa na mwanagenzi sawasawa. Vipindi vya asubuhi vipo, fatileki ipo. Na mara kwa mara wiki inapoenda wanatandika mikeka na kufanya mazoezi ya tumbo, kiuno na nyonga, polepole, yale ambayo mzee Pilates angeyatambua bila kuambiwa. Walichofanya ni kuchukua kipya bila kuvunja ratiba ya kale. Viatu vyao ni vya kisasa kuliko vya mtu yeyote, na wanaishi kama kwenye gaaru.

Kwa hiyo nikiulizwa nani atalinda mazoezi ya Kigari, sitazami kwanza ofisi za Riadha Kenya. Natazama chuo chenyewe. Hii ni bahati ambayo watu wa Pilates hawakuipata: kambi maarufu kuliko zote za mbio za nyika imepigwa kwenye ua wa chuo kinachofunza walimu. Vijana wa stashahada ya ualimu, kutoka Embu, Meru, Tharaka na kwingineko, wanasoma pale, na kesho watasimama mbele ya watoto wa shule za msingi wakiwa na kipindi cha mazoezi ya viungo kwenye ratiba, kipindi ambacho katika shule nyingi hugeuka kuwa cha kufidia hesabu au cha kurusha mpira mmoja kwa watoto hamsini. Majina makubwa ya kambi hiyo mengi si ya wenyeji. Mtoto wa Kianjokoma au Runyenjes amezoea kuwaona mabingwa wakipita kando ya shamba la chai la babake, amewapungia mkono, pengine amekimbia nao mita mia moja kwa vigelegele, kisha amerudi kuchuma.

Sioni sababu mwalimu anayehitimu Kigari asiondoke akijua mambo machache kwa mwili wake mwenyewe: namna ya kuanzisha kundi kwa mwendo wa kuzungumza, namna ya kuchagua kilima kinachomfaa mtoto wa miaka kumi na kile kisichomfaa, siku ngapi za kupumzika, lini kumtoa mtoto anayechechemea, na yale mazoezi ya duara ya jioni kwa mpangilio wake. Hayahitaji uwanja wa Kinoru wala Moi Stadium ya Embu. Yanahitaji barabara ya kijiji na saa moja ya kubonyeza.

Kazi ya kwanza ni ya karatasi na kalamu, na ni ya haraka, kwa sababu makocha na wakimbiaji wa miaka ya 1980 wamezeeka. Mtu akae nao, hata kama ni mhadhiri mmoja wa chuo na wanafunzi wake wawili wakati wa likizo, waandike kipindi kwa kipindi: wiki ya kwanza walikimbia njia gani, kilima kipi, mara ngapi, nani aliondolewa na kwa nini, walikula nini usiku wa kabla ya kilima. Waende nao hadi kwenye kila njia waichore, maana baadhi ya zile njia za marram zimeshawekwa lami.